Cheti cha Mwaka wa Mafua

Nilijifunza kupiga taipu kwenye boksi la sabuni. Nalisema hili mapema kwa sababu wajukuu zangu, wanaozunguka mjini na vyeti kwenye bahasha za kaki wakiambiwa hawana uzoefu, hudhani shida hiyo imezaliwa pamoja nao. Haikuzaliwa nao. Mimi niliitembeza kwa miguu kutoka Kariakoo hadi Uhindini na kurudi, jua la saa saba utosini, miaka ya hamsini, hata mama zao hawajafikiriwa. Na kwa kuwa sikuwa mtu wa kunyamaza nikiambiwa upuuzi, niliitembeza kwa kelele.

Tulikaa kwenye nyumba ya vyumba sita, mitaa miwili kutoka barabara ya Msimbazi. Nyumba za Kariakoo ya wakati ule ukiijua moja umezijua zote: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo na kamba za kuanikia, mbele baraza ya saruji ambayo alasiri inakuwa bado ina joto. Chumba chetu kilikuwa cha pili kushoto. Tulikuwa watatu tu, Baba, Mama na mimi, maana wenzangu wote Mungu aliwachukua wakiwa wachanga. Mama alikuwa akikaanga vitumbua alfajiri, na mpaka leo nikisikia harufu ya hiliki na mafuta ya moto najikuta natafuta viatu vya shule.

Baba alikuwa hamali sokoni. Malori yalipoingia na vitunguu, viazi, mchele na nazi, yeye na wenzake ndio walioshusha magunia na kuyafikisha kwenye meza za wenye mali. Alikuwa Mnyamwezi, na babu yake aliwahi kubeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kwa miguu, akafika, akaona bahari, akasema ni maji mengi yasiyo na faida, akarudi. Baba alipenda kulisimulia hilo. Hakuona haya kubeba hata kidogo. Alisema ukoo wetu una shingo ambayo watu wengine hawajajaliwa. Lakini mimi alitaka nibebe kalamu, basi.

Mtu aliyemkatisha kila mara alipoanza hadithi ya pembe ni mtani wetu. Huyu alikuwa Mzaramo wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, tarishi katika ofisi moja ya kampuni ya mizigo karibu na bandari, mwenye sare ya kaki na kofia nyekundu ambayo hakuivua hata akila. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyohiyo, na utani wa siku zile haukuwa mchezo wa maneno mawili matatu. Mtani angeweza kuingia uani kwetu, akafunua chungu, akala finyango la nyama la Baba, akaondoka akilalamika kuwa chumvi haikukolea. Kumkasirikia ni mwiko. Mwaka mmoja alimjia Baba mbio sokoni, akaapa kwa Mungu kwamba shangazi yake Baba ameshuka stesheni akitoka Tabora, ana mizigo mingi na kuku wanne, analia hana wa kumpokea. Baba akaazima mkokoteni. Alisimama stesheni mpaka magharibi akiwauliza wanawake wasiomjua kama wao ni shangazi yake.

Alilipiza. Mama yake Mtani alipofariki na jeneza likatolewa nje, Baba alijilaza barabarani mbele ya wachukuzi, akasema marehemu haendi popote, amemwahidi sahani ya mihogo na hajampa. Watu wazima wakambembeleza pale chini kwenye vumbi. Hakuinuka mpaka alipopewa kuku. Na Mtani, macho yamemvimba kwa kilio, alicheka mpaka akashika ukuta, maana ndivyo ilivyotakiwa: mtani ndiye anayepewa kazi ya kukuchekesha siku ambayo ndugu zako hawawezi.

Sasa nirudi kwenye boksi. Serikali ilikuwa na chuo cha makarani, nami niliingia baada ya darasa la kumi. Tulikuwa wasichana watatu kati ya wavulana wengi. Tulisoma hesabu, Kiingereza, barua za ofisini na utunzaji wa mafaili, na muhula wa mwisho ulikuwa wa taipu. Mwalimu alitupa kwanza karatasi yenye mchoro wa vibonye vya mashine, akasema tuvikariri vyote, kidole gani kinakwenda wapi, na wiki inayofuata ndipo tutakapoingia kwenye ukumbi wa mashine. Wiki inayofuata yakaja mafua.

Vijana wanasikia mafua wanacheka. Yale hayakuwa ya kupenga kamasi. Yalikuja na meli, watu walisema, yakapanda mjini mtaa kwa mtaa, na katika nyumba ya vyumba sita mmoja akikohoa asubuhi, jioni wanakohoa wote. Shule zilifungwa. Soko lilipungua sauti, hata wauza kahawa waliacha kugonga vikombe. Uani kwetu kila jioni kulikuwa na chungu cha majani ya mwarobaini na mchaichai kinachemka, na watu wanajifunika mashuka juu yake kwa zamu, wakitoka wamelowa jasho kichwa hadi miguu. Ukumbi wa mashine chuoni ulipangwa vitanda vya wagonjwa, na mashine zikarundikwa stoo.

Baba yalimshika wiki tatu. Alipona, lakini kifua hakikurudi kuwa kilekile. Akipanda ngazi mbili tatu ulisikia kinapiga mluzi ndani. Msaidizi wa daktari alimwambia waziwazi, mzee, mizigo mizito basi, utakufa nayo kichwani. Baba akamjibu kwa adabu kwamba amesikia. Jioni ile barazani aliniambia mimi, mbele ya Mama: "Siku utakayokalia kiti cha ofisi, siku hiyo naitua ngata." Ngata ni kile kitambaa cha kuviringisha anachoweka mchukuzi kichwani chini ya mzigo. Alfajiri iliyofuata aliichukua akaenda nayo sokoni, na mimi nikabaki na ahadi yake shingoni. Kuanzia hapo kila siku niliyokaa bila kazi niliihesabu kwa magunia.

Ndipo nikatafuta boksi la sabuni, nikalikunjua, nikachora vibonye vyote kwa penseli kufuata ile karatasi ya mwalimu. Nililiweka juu ya kinu kilichopinduliwa uani na kupiga taipu kila alasiri, saa mbili bila kuinua kichwa. Jirani aliyekuwa akifua aliniuliza kama mafua yamenipanda kichwani. Baba akitoka sokoni huchukua kigoda, hukaa pembeni akifuta shingo, na huniuliza: "Leo umeandika nini?" Nami namsomea hewani barua niliyoandika. Baadaye akaanza kunitajia yeye mwenyewe barua za kumwandikia kaka yake Tabora: kwamba mvua imenyesha, kwamba viazi vya mwaka huu ni vibaya, kwamba kuna msichana hapa nyumbani anaandika haraka kuliko mtu anavyosema. Nilizipiga zote kwenye boksi, neno kwa neno, vidole vyote kumi. Hakuna hata moja iliyotoka pale uani, lakini sidhani kama nimewahi kuwa na furaha kazini kama zile alasiri.

Chuo kilipofunguliwa muda ulikuwa umekwisha. Tulifanya mtihani wa karatasi, tukapewa vyeti. Vyeti vilikuwa vimeshachapishwa tangu mwanzo wa mwaka, na neno taipu lilikuwamo. Nani angelifuta? Mwalimu alitupa mkono mmoja mmoja bila kututazama machoni.

Mjini habari zilitutangulia. Ofisi zilijua mwaka gani ulikuwa wa mafua, na mtu akishaona tarehe kwenye cheti chako anakirudisha mezani kwa ncha za vidole kana kwamba kitamwambukiza. "Aa, nyinyi ni wale wa mafua." Huko Uhindini mzee mmoja wa duka la vitambaa aliniuliza nimesoma wiki ngapi, nikamwambia nimesoma nyingi kuliko alizotumia yeye kujifunza heshima, nikatoka kabla hajaniitia askari. Kwingine walitaka barua ya mwajiri wa zamani. Niliwauliza, kama kila mwajiri anataka aliyewahi kuajiriwa, yule wa kwanza kabisa aliajiriwaje?  Wenzangu walianza kutawanyika. Mmoja alirudi kwao kusini, mwingine akawa anauza dagaa Magomeni, na cheti, alisema, amekitundika juu ya kitanda ili mke wake asimdharau.

Mwezi wa tano wa kutembea, Mtani alinipa habari ya kweli kabisa, na aliitoa kama mtu mwenye akili zake: ofisini kwao anatakiwa mpiga taipu, nije Ijumaa saa nne nijaribiwe. Tuliiamini kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Alikuja na kipande cha karatasi chenye muhuri.

Nilivaa gauni la bluu alilonishonea Mama, nikafika. Karani Mkuu alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mrefu, suruali imenyooka pasi, na msalaba mdogo umebandikwa kwenye kola. Alichukua cheti changu, akaona tarehe, akashusha pumzi, lakini hakukirudisha. Alinikalisha mbele ya mashine, akaweka karatasi yeye mwenyewe, akanipa barua ya kunakili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugusa taipureta ya chuma. Vidole vilijua njia. Nilipiga kwa kasi mpaka makarani wawili wakainua vichwa, na moyoni nikasema, Baba, leo leo.

Halafu kengele ikalia ndani ya mashine. Boksi la sabuni halina kengele. Nikaendelea. Herufi chache mbele mashine ikagoma kabisa, nikibonyeza, haishuki. Nikabonyeza kwa nguvu. Haikusogea. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mstari wa mashine una mwisho, na kwamba mtu anausukuma mkono wa chuma ule wa kushoto kuanza mstari mwingine. Kwenye boksi langu mstari haukuwa na mwisho. Nilichokijua ni kimoja tu, kwamba nimevunja mashine ya watu. Niliinuka, nikaangusha kiti, nikatoka mbio mpaka barabarani, na sikusimama mpaka Mnazi Mmoja. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa cheti nimekiacha mezani.

Nyumbani nilisema nimeshindwa. Nilisema hivyo tu. Baba akaniambia kesho nayo ni siku.

Jumamosi mchana Mtani akaja, bado ana sare. Tulikuwa barazani tunapepeta mchele.

"Binti wa mpagazi!" aliita tangu mbali, mtaa mzima usikie. "Wanakutaka ofisini Jumatatu saa mbili!"

"Wanitakie nini?" nikamuuliza.

"Umewavunjia mashine. Wamesema mtu anayevunja chuma kwa vidole vile lazima ana nguvu za ukoo. Wanakupeleka bandarini ukabebe mabomba."

Baba alicheka mpaka kifua kikaanza kupiga mluzi. Nami nilicheka, kwa uchungu, maana nilikuwa nimejua kuwa atanichamba tu, na ilikuwa afadhali anichambe mapema.

Mtani akakaa, akavuta ungo akatafuna punje mbili za mchele mbichi. "Sasa niseme kweli," akasema. "Karani Mkuu ameutazama ule mstari wako. Hauna kosa hata moja. Anasema urudi."

"Na shangazi yangu atakuwepo?" Baba akauliza.

Tulivunjika mbavu. Hata Mama.

"Wallahi, nasema kweli!"

"Hata kwa shangazi uliapa Wallahi."

"Jamani, safari hii si utani."

"Na kuku wanne je, watapokelewa na nani?"

Mtani akainuka, amekasirika, au sisi tuliona anaigiza kukasirika, kwa sababu kuigiza hasira nako ni sehemu ya utani. Hakuwa na karatasi safari hii. Karani Mkuu alikuwa amemtuma kwa mdomo, kama unavyomtuma mtu yeyote kwa jirani yake. Alipokwisha kuondoka Mama alisema polepole, huku akichagua mawe kwenye mchele, "Labda ni kweli." Nami nikamrukia Mama yangu. Nikamwambia kama anataka nikasimame mlangoni kwa watu niliowavunjia mashine ili Mtani apate cha kuwasimulia wenzake, aseme. Hakusema tena. Jambo hilo linaniuma kuliko yote, kwa kuwa katika nyumba nzima ni yeye tu aliyesikiliza.

Jumatatu saa mbili nilikuwa sokoni namsaidia Mama kuuza vitumbua.

Jumanne mchana Mtani alikuja tena. Hakuita. Aliingia hadi uani, akavua ile kofia nyekundu, na kabla hajakaa akamwambia Baba: "Shikamoo."

Mnaojua utani mnaelewa. Hawa walikuwa rika moja, watu waliotaniana miaka ishirini, hawakuwahi kusalimiana ila kwa matusi. Baba alishtuka. Alidhani amekuja kutangaza msiba. Mtani akatoa bahasha, akaiweka juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na cheti changu. Alisema Karani Mkuu alimsubiri msichana Jumatatu nzima, na leo asubuhi amemwambia amrudishie cheti chake, kwani kesho anakuja mtu mwingine.

"Nimeuharibu ulimi wangu mwenyewe," akasema Mtani. "Miaka yote nimeutumia kuwachekesha, na siku nilipotaka uwafae haukufaa."

 Baba alikuwa akinitazama mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosea njia na mzigo wa watu. Hakuweza kumlaumu mtani, hairuhusiwi, na Mtani hakuweza kuomba radhi, nayo hairuhusiwi. Walikaa hapo wazee wawili, kila mmoja na aibu yake, hakuna wa kumchekesha mwenzake. 

Hasira zangu zilinisaidia mara chache maishani, na hiyo ni mojawapo. Nilivaa gauni la bluu, nikachukua bahasha, nikamwambia Mtani: "Twende." Tulitembea kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma, kupita Mnazi Mmoja mpaka mjini, na njia nzima hakunitania hata mara moja. Ilikuwa kama kutembea na mtu mgonjwa.

Karani Mkuu alipotuona alikunja uso. "Binti, watu hapa wana kazi. Unaitwa huji, ukifutwa ndiyo unakuja?"

"Shikamoo, bwana. Niliitwa, nikapewa habari, sikuiamini."

"Sasa?"

"Aliyeileta ni huyu. Ni mtani wetu."

Alinitazama. Akamtazama Mtani, aliyekuwa amekodolea macho vidole vya miguu yake. "Watani kivipi?"

"Mimi Mzaramo, bwana," Mtani akasema kwa unyonge. "Hao Wanyamwezi."

Nikaona mdomo wa Karani Mkuu unacheza. Akauma kalamu. Akageukia dirishani, mabega yakaanza kutikisika, na aliporudi kututazama alikuwa akifuta machozi kwa leso. "Mimi ni Mchagga," akasema. "Watani zangu Wapare. Mwaka juzi Mpare mmoja alinijia hapa mlangoni akaniambia mke wangu amejifungua salama, mtoto wa kiume. Nilimfukuza. Nikamwambia mwongo mkubwa. Nilikaa siku tatu naendelea na kazi zangu, nikimngojea mke wangu ajifungue." Alipumua. "Mpaka leo mke wangu hajanisamehe."

Makarani wote walicheka, na Mtani kwa mara ya kwanza siku ile akarudisha kofia kichwani.

Karani Mkuu akaniuliza taipu nimefundishwa na nani. Nilikuwa nimechoka kujitetea, nikamwambia kweli tupu: boksi la sabuni. Hakucheka. Alinikalisha tena kwenye kile kiti, akanionyesha mkono wa chuma, akasema kengele ikilia usiogope, inakukumbusha tu kurudi mwanzo. Niliandika ukurasa mzima. Alisoma, akautia kwenye faili, akasema huyo mwingine wa kesho atamwandikia yeye mwenyewe kumwomba radhi, mimi nianze Jumatano kwa majaribio.

Sijui nisemeje furaha ya jioni ile. Mama alipiga vigelegele mpaka wapangaji wakatoka vyumbani. Baba alimfuata Mtani kwake, akafunua chungu chake, akala samaki mzima, akarudi akisema hajapata kuona mpishi mbaya kama mke wa Mzaramo. Ndivyo walivyosameheana.

Lakini ngata hakuitua. Jumatano tulitoka pamoja, mimi ofisini, yeye sokoni. Alisema kuna malori ya vitunguu wiki ile, amalizie hayo. Wiki iliyofuata akasema nipo kwenye majaribio tu, tusubiri. Nilijua anachokiogopa. Mtu aliyebeba tangu ujanani hajui mikono yake aiweke wapi.

Jumamosi moja kazi ilikwisha saa sita, nikawa narudi kwa miguu na Karani Mkuu pamoja na karani mwenzangu wa kike, binti wa Kingazija aliyevaa viatu vya kisigino na kunukia asumini. Tulikuwa tunacheka kitu. Mbele ya soko kundi la mahamali likaja likikimbia kimdundo chini ya magunia, wakipiga kelele za kutaka njia, na wa mwisho, nyuma sana ya wenzake, alikuwa Baba. Nilikisikia kifua kabla sijauona uso. Aliniona. Akaona gauni, viatu, watu niliokuwa nao. Akageuza macho pembeni, akanipita umbali wa mkono kama mtu asiyenijua.

Na mimi nikanyamaza.

Sina la kujitetea. Mdomo wangu, uliomjibu kila mwenye duka Uhindini, ulikwama. Binti wa Kingazija aliuliza kwa nini wanawaachia wazee kama wale kubeba, nikasema sijui. Tukaendelea. Jioni Baba alikuja, akanawa, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza kazi ilikuwaje. Nikasema nzuri. Alifurahi, alifurahi kweli, na nilitambua kwamba hakuona alichokifanya kuwa ni kitu. Alikuwa amenifichia aibu kama anavyonifichia kipande cha nyama. Jumapili nzima sikuweza kula.

Jumatatu saa ya chakula sikubaki ofisini. Nilikwenda sokoni na gauni langu la kazi, nikapenya katikati ya malori, kwenye maganda ya vitunguu na matope ya maji ya samaki, mpaka nilipomwona anatoka nyuma ya lori na gunia la viazi kichwani. Nikaita kwa sauti ya kuuza vitumbua: "Baba!" Nusu ya mahamali waligeuka. Nikapiga magoti mbele yake palepale chini, kama binti wa Kinyamwezi anavyomwamkia baba yake, nikasema, "Shikamoo, Baba."

Hakuweza kuinama kunitazama kwa ajili ya mzigo. Alishusha macho tu. "Marahaba," akasema, na pumzi zinamkatika. Halafu: "Umekula?"

Nilimwambia sijala, na sitakula mpaka autue. Wenzake wakaanza kucheka, wakimwambia mzee, leo umekamatwa na serikali. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akapiga goti moja, wenzake wakalipokea gunia, tukaenda kwa mama ntilie tukala wali na maharage, bega kwa bega kwenye benchi. Alasiri alirudi kulimalizia lile lori, kwa sababu alikuwa ameahidi.

Kesho yake, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilitoka nyumbani asubuhi nikamwacha Baba amelala.